Na yule mtoto alibaki na nani?

Tarehe 7 Machi, siku ya sikukuu ya somo wa jumuiya yetu, yaani watakatifu wasimamizi wake, nilisimama sebuleni kwa jirani, mbele ya watu wapatao ishirini waliokaa kwenye makochi, kwenye viti vya plastiki na kwenye mkeka uliotandikwa hadi mlangoni, nikasimulia maisha ya Watakatifu Perpetua na Felisita. Kazi hiyo nilikuwa nimepewa wiki mbili kabla, na nilijiandaa. Nilieleza kwamba walikuwa wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, wa Karthago, mji ambao magofu yake yapo Tunisia ya leo; kwamba walikamatwa wakati wa Kaisari Septimius Severus; kwamba waliuawa mwaka 203 katika maonyesho ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa Kaisari. Nilieleza namna Perpetua, baada ya kurushwa chini na ng'ombe mkali, alivyoushika mkono wa kijana aliyetumwa kummaliza, mkono ambao ulikuwa unatetemeka, akauelekeza upanga kooni mwake mwenyewe. Watu walitikisa vichwa kwa mshangao. Mzee mmoja alisema imani ya namna ile siku hizi haipo.

Nikauliza kama kuna swali.

Kwenye mkeka, karibu na mlango, alikaa mama kijana aliyehamia mtaani kwetu mwishoni mwa mwaka jana, akimnyonyesha mwanawe chini ya khanga. Hakunyoosha mkono. Aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anamuuliza aliyekaa pembeni yake: "Umesema Perpetua alikuwa na mtoto anayenyonya. Na yule mtoto alibaki na nani?"

Nilijibu kwamba Mungu alimtunza. Mwenyekiti akanishukuru, tukaingia kwenye matoleo.

Nilijua palepale kwamba sikuwa nimejibu kitu.

Swali lililonifuata

Kwaresima nzima swali lile lilikaa nami. Nililikuta kwenye Njia ya Msalaba, nililikuta kwenye daladala, nililikuta kila nilipomwona yule mama akipita na mtoto mgongoni, akinisalimia kwa adabu ileile kama kwamba hakuna lolote lililotokea. Huenda kwake halikutokea. Kwangu lilikuwa limetokea, kwa sababu nilitambua kwamba nimesimulia kisa cha mama mzima bila kumtaja mtoto wake zaidi ya mara moja, tena kama pambo la kuonyesha ukubwa wa sadaka yake.

Si mimi wa kwanza kusimulia hivyo. Mwaka 385 Paula, mjane tajiri wa Roma, alipanda meli kwenda Nchi Takatifu, ambako alikuja kujenga monasteri Bethlehemu pamoja na Mtakatifu Jeromu. Ni Jeromu aliyeandika habari za safari ile baada ya Paula kufariki. Anasema kwamba Toxotius, mtoto wake mdogo wa kiume, alisimama ufukweni akinyoosha mikono akimsihi, na Rufina, binti aliyekuwa amefikia umri wa kuolewa, alimwomba kwa machozi ya kimya asubiri harusi yake. Paula aliinua macho makavu mbinguni, akaushinda upendo wa watoto kwa upendo wa Mungu. Jeromu anayaandika haya kwa kumsifu, na ni kweli kwamba hakuwaficha watoto wale. Aliwaweka pale ufukweni tuwaone. Lakini meli ikishang'oa nanga, kalamu yake inasafiri na meli. Nani aliyewashika mikono watoto wale wakarudi nyumbani jioni ile, hilo halikumhusu.

Nilianza kuogopa kwamba Perpetua naye angekuwa hivyo, na kwamba jibu la kweli kwa yule mama lingekuwa: hatuna habari naye, kwa kuwa hakuna aliyejali kuandika.

Nikayarudia maandiko yake upya, safari hii nikimtafuta mtoto tu.

Alichoandika mwenyewe

Tofauti kubwa kati ya Perpetua na Paula ni kwamba Perpetua alishika kalamu mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, amezaliwa katika familia ya heshima, amesomeshwa, ameolewa, ingawa mume wake hatajwi tena baada ya hapo wala hatujui alikuwa wapi. Sehemu ya katikati ya simulizi la kifo chao ni maneno yake aliyoyaandika gerezani, na mwandishi asiyejulikana aliyetanguliza na kumalizia simulizi hilo anasema wazi kwamba ameyaacha kama alivyoyaandika kwa mkono wake. Ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia.

Na karibu kila ukurasa una mtoto.

Anaeleza siku ya kwanza gerezani: hofu, kwa kuwa hajawahi kuona giza la namna ile, joto la watu waliosongamana, askari wanaodai chochote. Halafu anasema kwamba juu ya hayo yote aliteswa na wasiwasi wa mtoto wake. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliwapa walinzi fedha ili wafungwa wahamishiwe kwa saa chache sehemu yenye nafuu, na jambo la kwanza alilofanya Perpetua akiwa huko ni kumnyonyesha mwanawe, ambaye tayari alikuwa amelegea kwa njaa. Alizungumza na mama yake mzazi juu ya mtoto. Alimkabidhi. Alihuzunika kuwaona wakihuzunika kwa ajili yake. Kisha akafanikiwa kupata ruhusa ya kukaa na mtoto gerezani, na hapo anaandika sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote: nguvu zikamrudia mara moja, na gereza likageuka ghafla kuwa ikulu, hata akatamani kuwa pale kuliko mahali pengine popote.

Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo zamani nikaichukua kuwa ni ya imani. Si ya malaika wala ya maono, hata kidogo. Ni mtoto amerudi kifuani.

Kisha ikaja siku ya hukumu. Hilarianus, aliyekuwa akikaimu nafasi ya liwali aliyefariki, aliwahoji mbele ya umati. Baba yake Perpetua, ambaye peke yake katika familia hakufurahia jambo lile, alitokea amembeba mjukuu, akamvuta binti yake pembeni akimsihi atoe sadaka kwa miungu ya Warumi na amhurumie mtoto. Hilarianus mwenyewe akaongeza: zihurumie mvi za baba yako, uhurumie uchanga wa mwanao, toa sadaka kwa ajili ya afya ya makaisari. Alikataa. Akaulizwa kama ni Mkristo, akajibu kwamba ndiye. Baba alipozidi kung'ang'ania, Hilarianus aliamuru apigwe fimbo, na Perpetua anasema aliumia kana kwamba amepigwa yeye.

Hapo ndipo nilipokuwa nimesimamia sikuzote. Alikataa, akahukumiwa, akashuka gerezani na wenzake kwa furaha, na mimi nikaenda moja kwa moja uwanjani kwenye ng'ombe na upanga. Lakini sentensi inayofuata ni hii: kwa kuwa mtoto alikuwa amezoea kunyonya na kukaa naye gerezani, alimtuma mara moja shemasi Pomponius kwa baba yake akamwombe mtoto.

Baba akakataa kumtoa.

Basi hakumtupa, alimwomba.

Na baada ya hapo, kwa wepesi ambao ni vigumu kuusoma bila kusimama, anaandika kwamba kwa mapenzi ya Mungu mtoto hakutaka tena ziwa, wala matiti yake hayakuvimba, ili asiteswe na wasiwasi wa mtoto pamoja na maumivu ya matiti. Mwanamume angeandika kwamba alishinda. Perpetua anaandika kwamba maziwa hayakumletea homa. Mama yeyote aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa kwa ghafla anaelewa ni neema gani anayoshukuru hapo, na anaelewa pia kwamba mtu hashukuru kwa kuepushwa na maumivu ambayo hakuyaogopa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nikaona kwamba hapa mzazi ameuandika mwenyewe, kwa maneno machache, akageuza ukurasa.

Mtoto mwenye kiu

Tazama basi kinachofuata kwenye ukurasa huo mwingine, kwa maana sidhani kwamba kimekuja hapo bure.

Siku chache baadaye, wakiwa wote katika sala, jina lilimtoka Perpetua kinywani bila yeye kulitafuta: Dinocrates. Huyo alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyekufa akiwa na umri wa miaka saba kwa kansa iliyomla uso. Anasema alishangaa, kwa kuwa hakuwa amemkumbuka kabla ya saa ile. Usiku ule akamwona katika njozi, akitoka mahali penye giza, amechafuka, amepauka, na jeraha lake usoni kama siku aliyokufa. Mbele yake palikuwa na birika kubwa lililojaa maji, lakini ukingo wake ulikuwa juu kuliko kimo cha mtoto, naye alijinyoosha akijaribu kunywa asifikie.

Mtoto mwenye kiu, na kinywaji ambacho hakifikii.

Perpetua alimwombea mchana na usiku, kwa machozi, hadi alipoona njozi nyingine: ukingo wa birika umeshuka hadi kitovuni mwa mtoto, jeraha limebaki kovu, naye anakunywa kutoka kikombe cha dhahabu ambacho hakipungui, kisha anaondoka kwenda kucheza kwa furaha kama watoto wachezavyo. Wanateolojia wamebishana mengi juu ya kifungu hiki. Hata Mtakatifu Augustino, aliyewahubiri wafiadini hawa katika sikukuu yao, alilazimika kumkumbusha mtu mmoja kwamba simulizi hili si sehemu ya Maandiko Matakatifu, na kwamba halipaswi kutumiwa kuthibitisha kuwa watoto wasiobatizwa huokoka. Mimi siingii huko. Ninachoona ni mama aliyenyang'anywa mtoto anayenyonya, na kwamba ndani ya siku chache moyo wake umemtafutia mtoto mwingine wa kumnywesha. Yeye mwenyewe hakusema kwamba mambo haya mawili yana uhusiano, na labda hakujua, lakini ameyaandika moja baada ya lingine.

Mahali walipomnyoosha

Kisha nikakutana na jambo lililonikasirisha.

Mbali na simulizi hili refu, yapo masimulizi mafupi ya Kilatini juu ya wafiadini haohao, yaliyoandikwa baadaye na yaliyoenea zaidi katika Zama za Kati. Nakala ya Kilatini ya lile refu ilikuja kuibuliwa na mwanazuoni Lucas Holstenius katika monasteri ya Monte Cassino katika karne ya 17. Kwa hiyo, kwa karne nyingi, Perpetua aliyefahamika kwa wengi alikuwa yule wa masimulizi mafupi. Na huyo ana mume, aliyekuja pamoja na wazazi kumsihi. Na baba anamtupia mtoto shingoni. Naye Perpetua anamsukumia mbali mtoto, anawafukuza wote kwa maneno yaliyokopwa kwenye Injili, akiwaambia watenda maovu waondoke kwake kwa kuwa yeye hawajui wao.

Nilisoma pale nikakaa kimya muda mrefu.

Mtu fulani, mwenye nia njema bila shaka, alimkuta mama anayetuma shemasi aende kumwombea mtoto wake, akaona haifai. Akaona utakatifu wa namna hiyo una doa. Akamnyoosha. Akamfanya awe na mikono mitupu, mikono isiyotaka kushika chochote, ili wasomaji wasipate shida ya kuuliza alichouliza mama wa kwenye mkeka. Na mimi, karne nyingi baadaye, nikiwa na simulizi refu mkononi, nilifanya jambo lilelile kwa njia nyepesi zaidi: niliruka sentensi.

Sitaki nionekane kusema kwamba nimemaliza shaka zangu. Sijazimaliza. Baba yake alipokuja mara nyingine alimbusu mikono, akajitupa miguuni pake, akilia, akimwita si binti tena bali bibi. Na kila ninapofika hapo nasimama upande wa mzee. Alimlea, akampenda, anasema, kuliko kaka zake wote. Neno moja la binti lingetosha kuwarudisha wote nyumbani. Ninaamini kwamba Perpetua alikuwa sahihi kutolisema neno lile, naliamini kwa dhati, lakini naliamini nikiwa namtazama mzee aliyeng'oa ndevu zake na kuanguka kifudifudi, na sijui tena namna ya kuamini nikiwa nimempa mgongo.

Mtoto wa pili

Hadi hapa nilikuwa na nusu ya jibu. Mtoto wa Perpetua alibaki na babu yake, na bila shaka bibi yake alikuwepo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukabidhiwa mara ya kwanza. Lakini palikuwa na mtoto mwingine, ambaye mama wa kwenye mkeka hakumuuliza kwa sababu mimi sikumtaja kabisa.

Felisita alikuwa mtumwa. Wengi husimulia kwamba alikuwa mtumwa wa Perpetua, ila simulizi halisemi hivyo. Linamtaja tu pamoja na Revocatus, mtumwa mwenzake. Alikamatwa akiwa mjamzito, na siku ya maonyesho ilipokaribia alikuwa na mimba ya miezi minane. Hofu yake ilikuwa kinyume na tunavyotazamia. Sheria ilizuia mwanamke mjamzito kuuawa, hivyo aliogopa kuachwa nyuma na wenzake, aje kuuawa baadaye peke yake katikati ya wahalifu. Siku mbili kabla ya maonyesho wenzake waliomba pamoja, na mara baada ya sala uchungu ukamshika, uchungu mgumu, anasema mwandishi, kama ilivyo kwa uzazi wa mwezi wa nane. Mmoja wa wasaidizi wa walinzi akamdhihaki: ikiwa unalia hivi sasa, utafanya nini utakapotupwa kwa wanyama? Akajibu kwamba sasa anateseka yeye mwenyewe, lakini kule atakuwepo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake, kwa kuwa yeye naye atakuwa anateseka kwa ajili yake.

Jibu hilo hunukuliwa sana, na linastahili. Lakini sentensi ya baada yake haikumbukwi. Inasema kwamba alijifungua mtoto wa kike, na dada mmoja alimlea kama binti yake.

Basi. Simulizi linaendelea na mambo mengine. Siku mbili baadaye Felisita yuko uwanjani, na umati uliokuja kutazama damu unashtuka kuona kwamba mmoja wa wanawake wale ni binti mororo na mwingine ametoka kujifungua, matiti yakichuruzika maziwa, hadi wakarudishwa ndani kuvikwa kanzu. Maziwa yale yalikuwa ya mtoto aliyekuwa mikononi mwa mtu mwingine, mahali pengine mjini.

Dada

Neno hilo katika Kilatini ni la kawaida. Wakristo wa wakati ule waliitana kaka na dada, na aliyemchukua mtoto alikuwa muumini mwenzao, si lazima ndugu wa damu. Lakini mimi nalisoma kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili dada wa mama yako ana jina lake.

Ni mama, mkubwa au mdogo.

Mimi nimelelewa na mama mdogo. Mama alifariki nikiwa na miezi kumi, na siku ya arobaini mdogo wake alinifunga mgongoni akanipeleka kwake, akiwa na wanawe watatu. Sikumbuki hata siku moja aliposema kwamba amenisaidia. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, na ninachokumbuka kuliko vyote ni sauti ya mwiko kwenye sufuria ya uji nikiwa bado nimelala, na baadaye mkono wake ukinipima joto shingoni kabla hajaniamsha. Amekufa bila kuandikwa popote. Nadhani ndiyo sababu swali la mkekani halikuniacha, ingawa nilichelewa kulitambua.

Sasa fikiria mwanamke yule wa Karthago. Mtoto si wa ndugu yake. Ni mtoto wa mtumwa, na kwa sheria ya Warumi mtoto wa mtumwa alizaliwa mtumwa, mali ya bwana wa mama yake, kwa hiyo hata kumchukua tu lilikuwa jambo lenye maswali. Ni mtoto njiti wa miezi minane, katika mwaka ambao njiti waliopona walikuwa wachache. Mama yake amehukumiwa, na yeyote aliyelikaribia gereza lile kwa niaba ya wafungwa alijulikana ni wa upande gani. Kulikuwa na mtu wa kumtafutia maziwa usiku ule, na usiku uliofuata, na baada ya siku ya maonyesho, watu walipokuwa wamekwisha kurudi majumbani mwao wakizungumzia yule mwenye matiti yanayochuruzika.

Majina ya Perpetua na Felisita yanatajwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, pamoja na Agata, Lusia, Agnesi, Sesilia na Anastasia. Mkesha wa Pasaka mwaka huu, litania ya watakatifu ilipowafikia, kanisa zima likaitikia "mtuombee", nami nikaitikia, halafu nikabaki nyuma kidogo ya kwaya, nikiwa na mwanamke ambaye sikuwa na jina la kumwita.

Jumatatu ya Pasaka

Nilikwenda kwa yule mama nikiwa na karatasi ambayo nilikuwa nimeandika vifungu hivyo kwa Kiswahili. Alinipokea barazani, akanitolea kigoda. Nikamwambia kwamba siku ile sikumjibu, na kwamba nimekuja kumjibu. Nilimsomea pole pole: giza la gerezani, mtoto aliyelegea kwa njaa, ikulu, Pomponius akitumwa, babu akikataa, matiti ambayo hayakuvimba. Hapo alicheka kidogo kwa kuguna, akasema, "Hayo ni kweli ameandika mwanamke." Nikamsomea habari za Felisita na uchungu wa mwezi wa nane, na binti, na dada aliyemlea.

Akaniuliza yule binti aliitwa nani.

Nikamwambia halikuandikwa, wala la yule dada.

Hakusema kitu. Alimhamishia mwanawe ziwa la pili, akaivuta khanga vizuri, akaniomba nirudie tena kuanzia pale gerezani.